Mama Faili na Jasusi Aliyejificha Nyuma ya Samaki

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja, Mama Faili anakabidhi funguo za masjala ya hospitali yetu na kustaafu. Wasomi wote walioombwa kuandika habari zake walikuwa na udhuru, nikabaki mimi, tarishi. Mmepata bahati.

Alianza enzi za makabati ya chuma na mashine ya taipu. Aliweza kukutolea faili la mgonjwa huku anamenya chungwa. Mume wa mtu akija kuulizia vipimo vya mkewe, aliondoka ameelezwa habari za mvua tu.

Kompyuta zilipoletwa, tulimcheka, mimi nikiwa kiranja. Kila akirudi kutoka kunywa chai aliweka kiganja juu ya mashine, kama anayempima mtoto homa. Nilitangaza korido nzima kwamba anaiombea dua.

Machi mwaka huu, kwa utaalamu wangu wa kujifundisha mwenyewe, nikamwekea programu ya bure: samaki wanaoogelea kwenye skrini. Kesho yake akarudi kutoka chai, akaweka kiganja, akakuta mashine inachemka na feni inavuma, ilhali aliiacha imepoa na hakuna aliyeigusa. Hakuuliza mtu. Alichomoa waya wa intaneti kwanza, ndipo akamwita fundi.

Fundi akatueleza kwamba nyuma ya samaki wale kulikuwa na jasusi, yaani programu ya wizi. Alinakili kila herufi iliyochapwa, neno la siri likiwemo, na alikuwa anafungasha mafaili ya wagonjwa ayatume kwa watu tusiowajua. Yangetoka, habari za nani anaumwa nini zingekuwa gumzo la mtaa, na kompyuta ile imeandikishwa kwa jina la Mama Faili. Angeondoka na barua ya kufukuzwa, si ya kustaafu.

Nilikiri mwenyewe, ingawa fundi alikuwa ameshaanza kuniangalia. Siku mbili fundi alipekua mashine; siku mbili sikula, na kwa kula mnanijua. Mwishowe akasema hakuna faili hata moja lililotoka. Maneno ya siri yakabadilishwa yote. Mama Faili akavua viatu, akacheka mpaka machozi, kisha akaniambia, "Mwanangu, ukipewa cha bure kwenye kompyuta, jiulize anayekupa anakula nini."

Basi asante, mama yetu. Nenda kapumzike, ulale mpaka jua likuchoke. Mafaili umeyaacha salama, na siri unazoondoka nazo kichwani hakuna programu ya kuzivuta. Kila la heri.