Bartolomayo Yeremia Chisomi, Aliyewachonga Wapagazi wa Kondoa

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu wa ukoo, majirani wa Mlali, na ninyi mliokuja kutoka Chamwino na Dodoma mjini. Tumemrudisha ndugu yetu kwenye udongo aliotokea. Mimi ni Zipora, dada yake, mtoto wa kwanza wa Yeremia. Kikao cha ukoo kiliamua wasifu huu usomwe na mdogo wetu Thomas. Kiliamua pia wale askari wadogo wa marehemu wasitajwe, na yule mmoja aliyebaki achomwe moto kabla ya mazishi. Thomas amekaa, nasoma mimi, na watatajwa. Huyo mmoja nitamfikia mwisho. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nitasoma polepole. Mwenye haraka atangulie kwenye chakula.

Marehemu alizaliwa hapa Mlali tarehe 14 Machi 1952, mtoto wa pili wa Mzee Yeremia Chisomi na Mama Damari. Chisomi ni jina la babu yetu. Mwaka 1916 Wajerumani walimchukua babu wakambebesha sanduku la risasi, kutoka reli ya Dodoma kwenda vitani Kondoa. Alikwenda kwa miguu na hakurudi. Hakuna aliyekuja kusema alikufa lini wala alifukiwa wapi, na baada yake ikaja njaa ya Mtunya, watu wakawa na misiba yao. Wazee wetu walipokuwa wakimwaga pombe makaburini, kwa babu hapakuwa na pa kumwaga. Tulipobatizwa tukaanza kupeleka maua siku ya Pasaka, na kwake bado hapakuwa na pa kuweka. Bibi alikufa akiwa anatazama njia ya Kondoa. Alitusimulia mimi na marehemu tukiwa tunapepeta uwele: babu yenu alikuwa na masikio yaliyotobolewa, yananing'inia, na shingo aliilaza kushoto, maana bega la kulia lilikuwa la mzigo.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa Mlali kuanzia 1961 hadi 1967. Siku moja alimchora punda wa mwalimu mkuu ubaoni, na punda yule alifanana na mwalimu mwenyewe. Akachapwa. Lakini mwalimu alikataza mchoro usifutwe mpaka Ijumaa, akawa anaingia darasani na kuutazama kwanza ndipo afundishe. Mkono wa marehemu ulikuwa hivyo tangu utoto.

Mwaka 1973 aliajiriwa kuwa fundi rangi katika karakana ya serikali mjini Dodoma. Aliandika namba kwenye magari na majina kwenye milango ya ofisi mpaka alipostaafu mwaka 2012. Wakubwa wengi wamekaa nyuma ya majina yaliyoandikwa na mkono wake, na leo sijamwona hata mmoja.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na Evodia, nesi aliyetokea Bukoba. Mungu aliwapa mabinti wawili, Lea na Hana. Ukoo ulimsumbua aoe mke wa pili apate wa kiume. Alikataa. Alipoanza kuchonga watu wadogo, Thomas alisimama kwenye harusi ya Lea na kipaza sauti akasema, "Kaka yangu hakupata mtoto wa kiume, sasa anajitengenezea." Mlicheka sana. Mimi niliwaona waliocheka, na wengine mmekaa mstari wa mbele.

Sasa hao watu wadogo. Mhandisi mmoja wa barabara, mgeni, ndiye aliyemwachia marehemu sanduku la askari wa plastiki, warefu kama pingili mbili za kidole, wasio na rangi. Marehemu alianza kuwapaka. Kwanza nyeusi mwili mzima, kisha rangi kidogo kidogo pale jua linapogonga: bega, pua, magoti. Vifungo vya koti alivitia kwa brashi ya nywele chache za sikio la ndama, amezuia pumzi. Akawapanga kwa vikosi, Wajerumani na askari wao upande huu, Makaburu na Waingereza upande ule, kama walivyokutana Kondoa. Miaka mingi walisimama tu kwenye rafu, maana hakuwa na wa kucheza naye.

Serikali ilipohamia Dodoma alikuja Bwana Wambura, mtumishi wa wizara, mtu wa Mara, akapanga chumba nyumbani kwa marehemu, pale Chamwino alikohamia. Mchezo wa kupiganisha askari wadogo mezani, Wambura alikuwa ameujua masomoni ng'ambo. Jumamosi baada ya chai walitandika meza, wakaweka vilima vya magunia na vichaka vya majani makavu, wakarusha dadu, wakapigana mpaka Evodia awafukuze. Nilikuwepo siku waliyogombana. Marehemu alikuwa ameongeza watu wake wa mbao, wenye mizigo vichwani na mabegani.

"Mzee, hawa wapagazi wanachelewesha mchezo," Wambura akasema. "Tuwatoe. Hawana hata bunduki."

"Watoe," marehemu akamjibu. "Halafu mzinga wako uubebe wewe."

"Mzinga ni wa plastiki, mzee."

"Basi na ushindi wako ni wa plastiki."

Tangu siku hiyo wakawa na sheria yao: upande ambao wapagazi wake wamekufa kwa njaa, mizinga yake hailii. Wambura yupo hapa, muulizeni alishindwa mara ngapi.

Askari unaweza kuagiza nje, wanauzwa. Wapagazi hawauzwi popote, hakuna aliyeona faida ya kuwatengeneza. Kwa hiyo marehemu aliwachonga mwenyewe, kwa vipande vya mninga alivyoomba kwa maseremala, akavipiga msasa na kuvipaka rangi. Na kwenye rafu aliwaweka juu kabisa, maofisa akawaweka chini. Nyuso alizitoa hapahapa Mlali, kwa wazee aliowajua wakiwa hai. Mmoja alimpa jicho jeupe la baba mkubwa Lusito. Mmoja alimpa meno ya mjomba. Alisema mtu aliyebeba mzigo mpaka Kondoa asikose uso.

Uso wa babu ulimshinda. Hakuna picha, kuna maneno ya bibi tu, na aliyebaki nayo ni mimi. Kila alipomaliza mmoja alimleta Mlali amemfunga kwenye pamba. Mimi nikimtazama namrudisha. "Siyo yeye. Masikio mafupi." Akaenda, akarudi. "Siyo yeye. Huyu anatembea kama mtu mwenye mshahara." Hakukasirika hata siku moja. Yule wa mwisho alimleta mwezi wa nne mwaka huu. Nikamwambia shingo bado, mwache hapa nimtazame vizuri. Nikamfunga kwenye pindo la kanga.

Marehemu alianza kuugua kisukari mwaka 2019. Mwezi wa sita mwaka huu figo zilikataa kazi, akalazwa hospitali kubwa ya mjini. Evodia, Lea na Hana walipokezana kitandani. Thomas na wenzake wa maombi hawakwenda kitandani, walikwenda nyumbani Chamwino kutafuta kinachomuumiza. Wakafungua chumba, wakaona rafu, na juu kabisa wakamwona baba mkubwa Lusito na jicho lake jeupe, amebeba mzigo. Wakasema: ndiyo hii. Amewafunga wazee wetu, anawafanyisha kazi, nao sasa wanamdai mwili wake. Wakamwaga wote uani, plastiki na mbao, wakamimina mafuta ya taa, wakaimba.

Hamkujua kwamba mnawachoma wazee wenu kwa sababu mtu mmoja aliwakumbuka? Wazee wale hakuna mwingine aliyewahi kuwachora hata kwa mkaa. Daktari alisema figo, akaandika figo. Mliuliza kila kitu isipokuwa daktari.

Marehemu alirudishwa nyumbani tarehe 2 Agosti. Alitaka apelekwe chumbani kwake kwanza. Akaitazama rafu. Evodia akamwambia yote, hakumficha. Wambura akalia, mtu mzima. Marehemu hakulia. Aliuliza tu, "Na babu?"

Lea alinipigia simu, nikapanda basi asubuhi. Nilimkuta amegeukia ukuta. Nikafungua pindo la kanga, nikamwekea kiganjani. Alimgeuza geuza, akampitisha kidole gumba shingoni.

"Dada, shingo je?"

"Imekaa," nikamwambia.

"Usinihurumie."

"Nimewahi kukuhurumia lini?"

Akacheka, cheko la mgonjwa. Hakumwachia tena, hata akinyweshwa uji. Thomas alikuja kumwona mara moja, akasimama mlangoni, akaomba kile kisanamu akakiombee. Marehemu akafumba kiganja na macho. Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Ameacha mjane, Evodia. Ameacha mabinti, Lea na Hana, na wajukuu watatu. Ameacha rafiki, Bwana Wambura, aliyebakiwa na meza na vilima na hana wa kuweka juu yake. Ameacha dada. Ameacha pia mdogo wake, Thomas, na ukoo mzima wa Chisomi, namna ulivyo.

Jana usiku wazee walinifuata jikoni. Thomas akasema, "Dada, kile kitu tukichome, tumzike kaka akiwa safi." Nikamwambia tutaongea kesho. Kesho ndiyo hii.

Mmeshapita kuaga. Mmeutazama uso, wala hamkutazama mfuko wa shati. Wifi yangu Evodia ndiye aliyemweka humo, na mimi ndiye niliyefunga kifungo. Ndiyo maana nilimkataza Lea asigawe karatasi hizi mpaka tufike kaburini, jeneza likiwa limeshapigiliwa misumari. Anayetaka kulifungua mbele ya mchungaji na mbele ya watoto wa marehemu, asimame sasa tumwone.

Kama hakuna, basi mtupe udongo vizuri, maana leo tunazika wawili. Pasaka ijayo nitaleta maua hapa, na nitajua naweka kwa nani.

Bartolomayo, umemfikisha. Babu Chisomi, tua mzigo. Pumzikeni kwa amani.