Injini ya Ivano na Benchi la Casoni

Benchi letu lipo nyuma ya uzio wa uwanja wa vigari vya rimoti, upande wa mfereji, pale bati la paa lilipokunjwa ili mvua isimwagikie jiko la gesi la kahawa. Ukikaa hapo unaona njia yote ya udongo, mashamba ya mpunga yaliyofunguliwa maji, na mnara wa kanisa la kijiji cha Casoni. Hapo ndipo injini ndogo, za kutosha kiganjani, huhukumiwa kuwa nzima au maiti. Ukutani mtu aliandika zamani kwa rangi nyekundu: SINDANO YA MWENZIO HAIGUSWI. Sindano ni ile skrubu ndogo ya kabureta inayopima mafuta. Ukiikaza mafuta yanapungua, ukiilegeza yanazidi, na ukikosea kidogo tu upande wowote injini inakuaibisha mbele za watu. Jumapili ile ya Mei fainali ilikuwa saa tisa alasiri, baba yangu, Ivano, alikuwa anakuja kuitazama kwa mara ya kwanza tangu awekewe nyonga ya chuma, na injini yake ilikuwa inazimika mikononi mwangu.

Baba alikuwa ameniambia, "Badilisha plagi tu, Tecla. Ndani usiguse." Nikagusa. Nilipozungusha kwa kidole nilisikia konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inacheza, kwa hiyo nikaifungua yote mezani jikoni, nikaweka konrodi mpya na beringi mpya ya nyuma, nikafunga kifuniko skrubu moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa msalaba, nikafungua tena kuhakikisha, nikafunga tena. Kiwanda kilichoitengeneza kimeshafungwa. Hakuna nyingine. Benchi zima lilijua nimeifungua. Baba tu ndiye hakujua.

Asubuhi na mapema ilinguruma vizuri. Nikaenda bombani kunawa mikono. Niliporudi ikawa inanguruma bila moshi, imechemka kama iliyonyimwa mafuta, na ukivuta kichochezi cha rimoti inakata. Nikaenda kwenye gari kuchukua plagi nyingine. Niliporudi ikawa imelewa mafuta, inatoa moshi mzito na kukohoa. Nikaenda mezani kwa waamuzi kuthibitisha jina. Niliporudi, tena hakuna moshi. Injini inayobadilikabadilika hivyo bila kuguswa inavuta hewa mahali isipotakiwa. Na aliyeifunga ni mimi.

Kila nilipoondoka, benchi lilinilindia kigari. Hilo nalo ni jambo la kawaida kwetu.

Barometa: Binti, kaa chini kwanza. Unamwaga kahawa.

Huyo ni Delmo, aliyefungua na kufunga milango ya maji ya mashamba maisha yake yote. Kwake kila kitu ni hali ya hewa, hata ndoa yake ilipovunjika alisema ni unyevu.

Mimi: Simwagi. Ni kikombe kidogo.

Barometa: Sikiliza. Jana wamefungulia maji mashamba yote mpaka barabarani. Hewa imekuwa nzito kama blanketi lililoloa. Injini inameza maji badala ya hewa. Unategemea nini?

Pua: Wee Delmo, achana na maji yako. Tatizo ni mafuta. Nipe chupa.

Ottavio, yaani Pua, hanusi mvinyo wala jibini. Ananusa mafuta ya vigari. Alifungua kifuniko, akafumba macho, akavuta pumzi kama mtu anayesali.

Pua: Mm. Mafuta ya nyonyo humu ni ya mbegu za mwaka mwingine. Yamechanganywa na mtu mwenye haraka.

Nives: Na alikuwa amevaa shati la rangi gani, Pua?

Pua: Cheka tu. Pua hii haijawahi kuniangusha.

Nives: Ilikuangusha mwaka juzi, uliponusa pafyumu yangu ukasema ni mafuta ya breki.

Nives alikuwa msusi. Siku hizi anashika saa ya kupimia mizunguko, na watu wanamwogopa kuliko waamuzi.

Mimi: Chupa nimeifungua leo asubuhi. Wote mmeona. Si mafuta, si maji. Ni mimi. Kifuniko cha nyuma hakikukaa sawa, au beringi nimeiingiza imepinda. Inavuta hewa. Ikiendelea kukimbia bila mafuta ya kutosha, pistoni itakwaruza silinda, basi, kwisha.

Nives: Nani kasema ni wewe?

Mimi: Nani mwingine ameigusa?

Benchi lote lilinywa kahawa kwa pamoja.

Barometa: Ehe, na vyura! Mmewasahau vyura.

Pua: Vyura wamefanya nini tena?

Barometa: Tangu maji yafunguliwe, wako wangapi mle? Maelfu. Wote wanavuta hewa. Ile hewa nzuri wanaimaliza wao usiku kucha, asubuhi injini inabakishiwa makombo.

Nives: Delmo, hebu rudia hilo taratibu, nataka kulisikia tena.

Pua: Si vyura. Ni kengele. Kengele mpya ya kanisa ina mlio mzito, unatikisa mpaka meno. Ikilia, sindano inatikisika, inajifungua yenyewe kidogokidogo.

Barometa: Kengele haijalia tangu misa ya asubuhi!

Pua: Inatosha. Mtikisiko unakaa ardhini.

Nives: Nyie wanaume mnapenda kuzunguka. Ukweli ni huu: injini hii imezoea mkono wa Ivano. Ivano aliishika miaka yote, akaisafisha kila jioni, akaimwagia mafuta yake ya kulalia, akaiacha pistoni imeshuka chini ipumzike. Sasa inaona mkono mgeni. Imenuna. Mbwa wa dada yangu alifanya hivyohivyo, hakula wiki nzima.

Mimi: Injini hainuni, mama Nives.

Nives: Wewe umesoma chuo kikuu, utajuaje?

Nikakilaza kigari juu ya kisanduku cha kuwashia, nikaibonyeza injini. Ikawaka. Nikatia mate kidogo kwenye ncha ya kidole, nikagusa kichwa chake. Mate yalifanya tss, yakapotea. Moto mno. Nikaizima haraka, nikakaa na kigari mapajani, injini nimeishika ndani ya tambara, inaniunguza, na sikutaka kuiachia. Nikawaza baba akiteremka na magongo yake, akiuliza kwa nini sikimbizi.

Mimi: Najitoa. Bora nijitoe kuliko niiue mbele yake.

Barometa aliacha kutazama mawingu. Hata Pua hakunusa.

Ndipo tukamwona Signora Ersilia anavuka daraja la mfereji na kijibwa chake. Alihamia nyumba ya njano kutoka Milano majira ya baridi, na tangu hapo amekuja mara kadhaa kutupigia kelele kuhusu kelele.

Barometa: Haya, kaja. Leo hatujafanya lolote, signora! Kimya kabisa!

Ersilia: Ndiyo maana nimekuja. Jumapili saa hizi huwa naanza kukasirika. Leo nimekaa dirishani nimekasirika bure. Kuna mtu kafa?

Nives: Bado. Wengine wamekwenda kula. Kaa unywe kahawa.

Akakaa. Nives akamimina tone la mwisho la birika. Signora akatazama injini mapajani mwangu, akatazama uso wangu, kisha akawatazama wale watatu mmojammoja, polepole, kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

Ersilia: Samahani, mimi sijui mambo haya. Mbona ninyi watatu wote mna bisibisi mfukoni, na huyu msichana mwenye gari hana?

Bisibisi yangu ilikuwa kwenye kisanduku cha vifaa, mahali pake, kama kawaida. Nikageuka. Mkono wa Barometa ulikuwa umeshafunika mfuko wa shati. Pua alikuwa anatazama mnara wa kanisa. Nives alikuwa anapanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

Mimi: Delmo.

Barometa: Kidogo tu! Ulipokwenda kunawa. Hewa ilikuwa nzito, nikaikaza kidogo, kukusaidia. Unene wa ukucha!

Pua: Kumbe ni wewe! Mimi nikanusa joto, nikasema huyu mtoto ataiunguza, nikailegeza. Kidogo!

Nives: Kidogo? Uliilegeza mpaka ikatoa moshi kama treni! Mimi nilipoona moshi ule, na Tecla kaenda kwa waamuzi, ningefanya nini? Nikaikaza.

Mimi: Na ukutani hapo pameandikwa nini?

Barometa: Ile ni kwa wageni.

Walidhani nitapiga kelele. Hata mimi nilidhani. Badala yake nikaanza kucheka, na machozi yakanitoka katikati ya kicheko. Kifuniko kilikaa sawa. Beringi haikupinda. Mikono yangu haikuwa na kosa. Kilichokosewa ni upendo wa watu watatu wasiojua kukaa na mikono mapajani.

Nilikusanya bisibisi zote tatu nikampa Signora Ersilia azishike. Nikaikaza sindano taratibu mpaka ikagota, nikairudisha nyuma hadi pale nilipoiweka asubuhi. Nikaweka plagi mpya. Nikawasha. Moshi ukatoka uzi mwembamba wa buluu, na nilipovuta kichochezi injini ilipanda mpaka juu bila kukohoa. Kijibwa cha signora kikaanza kubweka. Yeye mwenyewe aliziba masikio, bisibisi zikimtokeza pembeni kama mapembe.

Ersilia: Haya! Sasa naweza kwenda kukasirika nyumbani!

Lakini hakwenda. Nilikimbiza mizunguko michache, nikarudi, nikagusa kwa mate. Mate yalichemka polepole, yakakauka bila haraka. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Gari la shangazi lilisimama nje ya uzio kabla sijaizima. Baba aliteremka kwa magongo, akasimama, hakutusalimu. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza injini ikinguruma taratibu.

Baba: Umeifungua.

Mimi: Nimeifungua, baba. Konrodi ilikuwa inacheza.

Baba: Ilikuwa inacheza tangu mwaka jana. Niliogopa kuigusa.

Akasikiliza tena. Uso wake ukalainika, kama mtu aliyepata kiti baada ya kusimama sana.

Baba: Inavuta vizuri kutoka chini. Nzuri sana. Ila huku juu, labda, kidogo tu...

Akahamishia magongo yote mkono mmoja, na ule mwingine ukaenda mfukoni mwa shati.

"Ivano!" tukapiga kelele wote, na Signora Ersilia ndiye aliyetangulia, kiganja wazi, akidai bisibisi ya nne.