Dwight Lundquist na Gari la Mwaka 2050

Baada ya miaka thelathini na minane katika karakana ya studio yetu hapa Burbank, fundi Dwight Lundquist anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Juni 2012. Nimeombwa niandike mimi kwa sababu nimelinda geti tangu 1976, na hapapiti kitu nisichokijua.

Wengi hamkuiona tamthilia yetu ya askari wa barabara kuu wa mwaka 2050. Ilionyeshwa wiki tisa, mwaka 1978, ikafutwa. Gari lao la doria, Nyuki, Dwight alilitengeneza kwa mikono yake: bodi ya plastiki juu ya injini ya gari kuukuu la kubebea barua. Kwenye televisheni lilikimbia maili mia tatu kwa saa. Hapa uwanjani lilifika arobaini, tena kwenye mteremko, na siku moja nililipita kwa miguu nikiwa na kahawa mkononi, tone halikumwagika. Ule mlango uliojifungua kwa amri ya sauti alikuwa Dwight, amelala nyuma ya kiti, anavuta kamba. Siku aliposinzia, kamanda aliamuru mara sita, mwisho akatoka kupitia dirishani.

Tamthilia ilipofutwa, amri ikaja: magari yote manne ya tamthilia yakasagwe kabla ya adhuhuri. Matatu yakaenda. La nne, Nyuki mwenyewe, Dwight akaja nalo getini.

"Unalipeleka wapi?" nikamuuliza.

"Kujaribu breki."

"Halina breki hilo, Dwight."

"Ndiyo maana lijaribiwe, bwana mkubwa. Inua hicho chuma kabla sijakugonga."

Nikainua. Nyuki akalala miaka thelathini na minne ghalani kwake Palmdale, chini ya majani ya farasi. Mwezi uliopita Dwight akaona hawezi kustaafu na siri hiyo kifuani. Akaenda kukiri kwa mkurugenzi wetu, Bi. Corinne Abernathy, akijua huenda akanyang'anywa. Mama yule alicheka hadi akavua miwani, kisha akamwandikia hati: gari ni lako.

Basi Nyuki ameletwa tena uwanjani, na Ijumaa saa kumi jioni Dwight anatoka naye kupitia geti lile lile. Chuma atainua Bi. Abernathy. Asante, fundi, tunakutakia barabara nyoofu na mteremko mrefu. Nanyi njooni muone mlango ukijifungua kwa sauti ya fundi wetu. Mimi msinitafute getini. Nitakuwa nyuma ya kiti, nimeshika kamba.