Shemphang Diengdoh na Ziada Isiyofunguka

Shemphang Diengdoh, ambaye leo Jumatano tarehe 12 Julai 2023 tunamzika hapa Mawkhar, Shillong, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kiume pekee wa marehemu Mama Trolian Diengdoh. Wasifu huu umeandikwa na mpwa wake, mtoto wa dada yake mdogo Ibadahun. Kwetu mjomba huandikiwa na wapwa, na isitoshe watoto wake walisema wakiandika wao watatukana watu.

Alisoma shule ya misheni hapahapa Mawkhar hadi mwaka 1978, kisha ufundi wa redio Guwahati hadi 1981. Alikuwa fundi mitambo katika kituo cha redio kwa miaka kumi na minne, na kilichomkera miaka yote hiyo ni watangazaji kupiga wimbo bila kutaja waliopiga ala. Mwaka 1996 aliacha kazi akafungua chumba cha kurekodia chini ya nyumba ya dada yake, magodoro yamegongomelewa ukutani.

Tarehe 22 Oktoba 1988 alifunga ndoa na Melarisha Thangkhiew, akahamia kwao Laitumkhrah kama desturi yetu ilivyo. Walijaliwa watoto wawili, Rimaia na Banjop. Mkewe anasema hakuwahi kumsikia akipiga mluzi wa wimbo bila kumweleza kwanza nani aliutunga.

Mwaka 2010 alitoa kazi iliyomla maisha: albamu ya kidijitali ya Mzee Rojet Buhphang, mpiga duitara, ala yetu ya nyuzi. Nyimbo zilikuwa tisa. Lakini aliyeinunua kwenye duka la mtandaoni alipata na ziada: maneno ya nyimbo, picha, majina ya waitikiaji wote, na video ya dakika ishirini na mbili, Mzee Rojet akifundisha namna yake mwenyewe ya kukaza nyuzi nne za duitara, namna ambayo hakuna mwingine aliyeijua.

“Kaka,” Ibadahun alimwambia, “mtu akinunua nyama humpi na historia ya nguruwe.”

“Ndiyo maana mnakula msichokijua,” akajibu.

Hapa lazima tuseme ukweli, na yeye alitaka usemwe. Wauza santuri wa soko la Police Bazar walikuwa wamemchosha kwa kunakili kazi zake, kwa hiyo aliwashikilia wenye duka lile la mtandaoni waitie ziada kufuli: isifunguke mpaka kompyuta iombe ruhusa kwao. Wao walisita. Yeye akapiga meza. Kufuli likatiwa.

Kanda ya asili iliota ukungu kwa mvua za 2014, ikaoza. Mzee Rojet alifariki Novemba 2015. Mwaka 2017 duka likafungwa. Nyimbo tisa zilihamishiwa kwingine zikiwa uchi, bila picha, bila hata jina la aliyepiga. Ziada ikabaki kwenye kompyuta ya Mjomba, ukiigusa inaomba ruhusa kwa duka ambalo halipo tena.

Mwaka 2018 Tiewlin, binti wa Mzee Rojet, alirudi kutoka Delhi alikokuwa muuguzi, akaja na duitara ya baba yake mgongoni.

“Mjomba, nimekuja kuangalia lile somo.”

“Baba yako hakukufundisha?”

“Kila nikimwomba alikuwa akiniambia, ‘Ya nini nijirudie? Si imo kwa Shemphang? Kule haipotei.’”

Wapendwa, Mjomba aliwasha kompyuta, akamwonyesha kufuli. Kwa miaka mitano hakupata raha. Alipeleka kompyuta Guwahati kwa mafundi watatu, akawaandikia barua waliokuwa wenye duka, kule Bangalore, mpaka tukamwonea haya. Akajibiwa kwamba maoni yake yanathaminiwa. “Maoni!” alifoka. “Nimewaomba mtu, wananipa shukrani!” Kila Jumamosi Tiewlin alikuja, akanywa chai nyekundu, akauliza, “Imefunguka?” Wala hakuuliza kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Februari mwaka huu aligundulika ana saratani ya umio. Daktari alilaumu popoo, naye alikuwa ametafuna tangu utoto. Tunasema wafu wetu huenda kula popoo uani kwa Mungu. Mjomba aliomba kule apewe chai tu. Kufikia Mei sauti ilikuwa imekwenda. Ndipo alipotuonyesha kwa mikono tumletee daftari.

Kumbe alikuwa amelihariri somo lile mara nyingi hadi akalijua kichwani, neno kwa neno. Miaka mitano alihangaika na kufuli, wala haikumjia kwamba angeweza kukaa chini na Tiewlin akamsimulia! Sasa anayo maneno, hana koo. Aliandika kwa penseli: “Hapa anakohoa. Hapa mvua inazidi, anangoja. Hapa anasema: uzi wa pili usiukaze kama una hasira nao.” Alilia kwa hasira mkono ulipochoka. Tiewlin alikaa kando ya kitanda na duitara, akifuata.

Alifariki nyumbani Jumapili tarehe 9 Julai, saa tatu asubuhi. Daftari limeishia dakika ya kumi na nne, katikati ya sentensi, uzi wa tatu ukiwa tayari.

Ameacha mjane, Melarisha, watoto, Rimaia na Banjop, dada yake, Ibadahun, wapwa watatu, na Tiewlin, ambaye familia imekubaliana aandikwe hapa.

Tiewlin atapiga duitara jeneza likiteremshwa. Nyuzi tatu amezikaza kama baba yake alivyosema. Wa nne ameukisia. Mkisikia unapwaya, msimtazame vibaya: hapo ndipo Mjomba alipoishia. Bwana ampe raha, na amani aliyoikosa kwa miaka mitano.