Maisha ya Mama Presha wa Idara ya Maji

Ndugu wafiwa, majirani na wageni wetu, familia imenituma mimi, kaka yake mkubwa, niwasomee maisha ya marehemu, ambaye nyumbani tulimwita Kitinda kwa kuwa alizaliwa wa mwisho, na ambaye ninyi mlimwita Mama Presha, jina alilopewa na wateja kwa sababu presha ya maji ikishuka walimjia yeye, ingawa wapo wakubwa waliosema ni kwa sababu aliwapandisha wao.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1958, katika nyumba za wafanyakazi wa halmashauri, akiwa mtoto wa sita wa fundi bomba na mshona nguo. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akamaliza sekondari ya wasichana mwaka 1975, ambako alisimamishwa masomo kwa kumpiga kiranja aliyewanyima wenzake maji ya kuoga, na baba yetu, badala ya kumchapa, alimuuliza tu kama kiranja huyo alikuwa mkubwa kuliko yeye, akajibu ndiyo, yakaishia hapo.

Tarehe 1 Februari 1978 aliajiriwa Idara ya Maji ya mji wetu kama karani wa malalamiko, akakaa dirishani miaka mingi akitukanwa na kila aliyekatiwa maji, akapanda ngazi hadi kuwa mkuu wa idara mwaka 2004. Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na mchomeleaji wa kituo cha pampu, mtu mpole, mwenye makovu ya cheche mikono yote miwili, wakajaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na mtoto wa kiume, ambaye ni dereva wa lori.

Mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kuweka huduma za maji za miji yote chini ya Shirika moja la makao makuu, na marehemu akaipinga hadharani, akisema bomba likipasuka mtaani kwetu hatuwezi kungoja ruhusa ya mtu asiyejua mtaa wenyewe uko wapi. Halmashauri ilifungua kesi, naye akawa shahidi wa kwanza. Kwa sababu hiyo, tarehe 20 Agosti 2017, watu wanne ambao hadi leo hawajakamatwa walimvamia ofisini, wakamburuta kwa nywele, kichwa kikigonga kila ngazi, wakamvunja vidole viwili kwa kuvibana mlangoni ili atoe funguo za kituo cha pampu, na alipowaambia kwamba bado vimebaki vinane, wakamvunja cha tatu. Funguo hawakuzipata.

Tarehe 14 Machi 2018 Shirika lilikuja kukichukua kituo kwa nguvu, likiwa na malori ya askari na fundi wake wa kufungulia maji. Asubuhi hiyo mume wa marehemu alikuwa ndani ya bomba kuu, ambalo mtu huingia kwa kutambaa, akiziba ufa. Katika idara yetu, anayetaka kufungulia maji hugonga bomba kwa spana na kusubiri, na aliye ndani hugonga kujibu, na akijibiwa hafungulii. Katika Shirika, aliye ndani hutundika kibao chekundu kwenye gurudumu la valvu, na pasipo na kibao, bomba huhesabiwa kuwa tupu. Wafanyakazi wetu walikuwa wamefukuzwa kwa virungu hadi nje ya geti, wakipiga kelele kwamba kuna mtu ndani, na askari wakiwaambia hizo ni mbinu zao za kila siku. Fundi alitazama, hakuona kibao, akazungusha gurudumu. Maji yalimzoa shemeji yetu, yakampigiza kwenye chujio la chuma, na alipotolewa, marehemu alimtambua mumewe kwa makovu ya mikono, maana uso haukuwepo.

Watu walibomoa geti. Askari walipiga risasi juu, kisha wakashusha mitutu, muuza magazeti akapoteza goti, mawe yakawazidi, wakapanda malori na kuondoka, wakamsahau fundi wao. Alivuliwa shati, akavunjwa mkono na mbavu, tairi likaletwa na petroli ikatafutwa. Marehemu alikuja mbio, damu ya mumewe ikiwa bado mbichi kwenye gauni, akajilaza juu ya yule mtu, akasema, "Mkimuua mtoto wa watu hapa, maji watayachukua, na sababu mtakuwa mmewapa ninyi." Chuma kilichokuwa kimekwisha kuinuliwa kikashuka, kikampata yeye kichwani.

Hapa nalitaja jambo kwa jina lake. Mabango yaliyoko nje yanasema Mama Presha ameuawa na askari. Sivyo. Pigo lililomuua lilitoka kwetu.

Fuvu lilipasuka, akapoteza jicho la kushoto, kifafa kikamwandama, akafanyiwa upasuaji mara mbili katika hospitali ya rufaa, na huko akafariki tarehe 9 Februari 2019, binti yake akiwa amemshika mkono. Polisi walipomuuliza nani alimpiga, aliwajibu kwamba alikuwa ameangalia chini. Mimi aliniambia, jina la mtu huyo na la baba yake, kisha akanikataza kulitamka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala naye zamu kwa zamu, na wafanyakazi wa Idara ya Maji, ambao leo wamemkalisha katikati yao fundi yule wa Shirika, aliyekuja bila askari, na mkono wake haunyooki.

Ninajua kuna vyuma nyuma ya ukuta, na ninawajua wanaongoja nimalize waende kuchoma kituo cha polisi. Kesi ya maji inaamuliwa Jumatatu. Vyuma vibaki vilipo. Jeneza litabebwa mbele, kulia, na fundi huyo, na atakayemgusa ajue amemgusa marehemu. Mbele, kushoto, tumepaacha wazi kwa ajili ya yule aliyeinua chuma. Yupo hapa, ninamwona. Sitamwita. Akija, hakuna atakayemuuliza neno, na asipokuja, nitabeba mimi.

Mdogo wangu, pumzika kwa amani, na sisi tuipate.