Aliyeisimamisha Kamera Mwisho wa Korido

Marehemu kaka yetu mkubwa alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1957, saa moja asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Kadi ya kliniki inasema tarehe 15, lakini Mama alisema yeye ndiye aliyekuwepo, karani hakuwepo. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watano wa fundi bomba.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza sekondari mwaka 1974. Mwaka huo wa mwisho alikabidhiwa kamera ya shule awapige picha walimu. Picha ilipotoka, mwalimu mkuu alikuwa amekatwa juu ya nyusi.

"Kichwa changu umekipeleka wapi?"

"Samahani, Mwalimu, nilikuwa naangalia viatu. Vya mwalimu wa hesabu havifanani."

Februari 1977 aliajiriwa na studio ya filamu kubeba vifaa na kukunja nyaya. Huko ndiko walikompa jina la Fundi Tulia, kwa sababu "tulia" ndilo neno alilomwambia kila mtu, hata mkurugenzi. Baada ya miaka sita alipewa kamera yenyewe, na wiki ya kwanza akaharibu. Mume na mke walikuwa wakigombana mezani. Picha ya mke aliichukua akiwa upande huu wa meza, ya mume akaichukua akiwa amehamia upande wa pili. Vipande vilipounganishwa, wote wawili walitazama upande mmoja. Mhariri wa filamu, mama asiyemung'unya maneno, alimuuliza, "Hawa wanagombana au wanasubiri basi?" Kaka alikubali kosa mbele ya wote. Kuanzia hapo alichora mstari wa chaki sakafuni kutoka kwa mwigizaji mmoja hadi mwingine, na kamera yake haikuuvuka tena bila sababu.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na fundi cherehani wa studio hiyo. Walianza kwa ugomvi. "Nimeshona sketi wiki nzima," shemeji alimwambia, "wewe umepiga kidevu!" Marehemu alimjibu kwamba katika kipande kile habari ilikuwa kwenye kidevu. Hata hivyo, siku iliyofuata alirudisha kamera nyuma ili mwigizaji aonekane mpaka kwenye pindo. Shemeji anasema hapo ndipo alipoanza kumpikia chai.

Jambo ambalo ukoo huu unajivunia kuliko yote lilitokea Julai 1991. Walikuwa wakitengeneza filamu ya mama anayefika hospitali na kuambiwa kwamba mwanawe amefariki. Mkurugenzi alitaka kamera iwe karibu, uso ujae skrini nzima. Marehemu akaiweka mwisho wa korido, mbali kabisa, na kuifunga isisogee.

"Fundi, watu wanakuja kuona machozi."

"Machozi watakuja nayo wenyewe, bosi. Ukimsogelea sana, utamwona analia tu. Hutajua anafanya nini."

Mkurugenzi alimwambia kwamba angemruhusu kupiga mara moja tu, na kipande kikiharibika asirudi kesho. Nyumbani kulikuwa na watoto wawili na wa tatu alikuwa njiani. Marehemu alisema, "Tulia," akawasha kamera. Kule mbali, mama alisimama na daktari, mdogo kama kidole. Maneno hayakusikika. Daktari akaondoka. Mama akaketi kwenye benchi iliyojaa wagonjwa. Kisha mgonjwa mwingine akaja, na mama yule, aliyekuwa amefiwa dakika hiyohiyo, akasogea ampishe nafasi.

Mkurugenzi alifunga daftari lake, na kesho yake marehemu alirudi kazini. Filamu ilipoonyeshwa, ukumbi mzima ulitoa leso kwenye kipande hicho, na magazeti yakamsifu mkurugenzi. Marehemu alisoma sifa hizo mezani, akakunja gazeti, akaomba sukari. Kwa miaka thelathini hakudai kitu. Sisi ndio tuliokuwa tukinung'unika.

Aliugua figo kuanzia Oktoba 2022. Machi mwaka huu mkurugenzi yule, sasa mzee wa mkongojo, alikuja wodini akakaa kando ya kitanda. Sisi ndugu tulikuwepo.

"Fundi, wanafunzi wangu wote nawaambia ile korido ni yako. Nimechelewa. Nisamehe."

"Mkasi ulikuwa mkononi mwako, bosi," marehemu alimjibu. "Ungeweza kuikata. Hukuikata. Basi ni yetu."

Walishikana mikono mpaka muuguzi alipokuja kupima presha. Tangu siku hiyo hatujanung'unika tena.

Alifariki Alhamisi tarehe 16 Mei 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa pembeni yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Ameacha mjane, watoto watatu, yaani binti mwalimu, mwana muuguzi, na kitinda mimba, binti ambaye naye ameshika kamera; wajukuu wanne, wadogo zake wanne, na mashemeji, wakwe na wapwa wengi. Ameacha pia mama mmoja mwisho wa korido, anayesogea kumpisha mgonjwa, kila filamu ile inapowashwa.

Mwenyezi Mungu ampe mapumziko mema. Kazi yake tumeiona.