Ghorofa Sita Tupu

Basi la Braamfontein lilikuwa halijatoka Soweto vizuri, na Tshabangu, mwenye jengo la ofisi huko mjini, tayari alikuwa anamlalamikia mwanamke aliyeketi naye, ambaye hakumjua hata jina.

"Wapangaji hawana utu, mama! Korona imeingia, wamebeba kompyuta zao wakahamishia kazi nyumbani. Ghorofa sita ziko tupu!"

Mwanamke huyo, Dikeledi, akashusha barakoa. Kwa miaka mingi alikuwa akiuza ugali na matumbo chini ya jengo kama hilo, mpaka asubuhi moja alipokuta kufuli jipya mlangoni, masufuria yake yakiwa ndani.

"Utu?" Sauti yake iligeuza vichwa. "Mwenye jengo amenifungia hata sufuria la marehemu mama yangu! Watu wamezuiwa kutoka, wateja hakuna, kodi ningeitoa wapi?"

"Na mimi benki niwaambie nini? Kwamba kuna ugonjwa? Wanaujua!"

"Ndiyo mtumalizie hasira sisi?"

"Si mimi niliyekufungia!"

"Mnafanana!"

Tshabangu, ambaye hakuzoea kufokewa na mpangaji asiye wake, alikohoa, na abiria wa mbele wakasogea mbali naye.

"Basi njoo kwangu. Chumba cha chini kiko wazi. Wewe pika, kodi tutazungumza baadaye."

"Nimpikie nani?" Dikeledi akafoka. "Kuta?"

Basi likasimama Braamfontein, kituo ambacho kabla ya korona kilikuwa kikishusha nusu ya abiria. Waliinuka wao wawili tu. Tshabangu akampisha atangulie, Dikeledi akakataa, wakabaki wanafokeana mlangoni huku dereva akipiga honi.